Siku sita kwenye jukwaa lisilo na kitanda

Siku ya kwanza

Kamba ya kurukia inaning'inia mbele ya ngazi ya chini ya jukwaa la mafuta baharini. Unaishika kamba wakati boti imefika kileleni mwa wimbi, na unaruka papo hapo. Ukisita, boti inashuka na kukuacha hewani. Ukiwahi kabla haijafika juu, sitaha yake inakufuata miguuni. Nimeshafungwa mkanda ndani ya kibanda cha helikopta ya mafunzo, nikapinduliwa kichwa chini majini na kutoka salama, na bado kamba hii yenye mafundo ndiyo inayonikausha mate.

Mzee alivuka kwanza. Ni opereta wa visima, na kamba anaishika kama mtu anayefungua mlango wa chumba chake. Nikafuata mimi, kisha fundi umeme, mwisho mhandisi kijana aliyekuja kujifunza. Watu wanne, kwenye jukwaa ambalo siku nyingi halina mtu.

Nilichotumwa ni hiki: kisima cha 4 kimejifunga chenyewe mara tano ndani ya siku kumi, na mara zote usiku. Vali ikishajifunga kwa usalama, hapa kwetu haifunguliwi kwa mbali. Lazima mtu avuke, aangalie kwa macho, aiweke sawa kwa mkono. Kwa hiyo kila kikijifunga saa nane usiku, kinalala hadi boti ya asubuhi. Mimi ni fundi wa haidroliki, yaani mitambo inayoendeshwa kwa mafuta yenye presha. Katika kazi hii kitu chochote kikijifunga, wa kwanza kulaumiwa ni haidroliki.

Jukwaa lenyewe tuliite Kusini. Ni mojawapo ya majukwaa matatu ya visima yanayolizunguka jukwaa kuu. Mengine ni Mashariki na Magharibi. Kutoka hapa hadi jukwaa kuu ni kilomita saba, na kina cha maji ni mita 58. Chini kuna jaketi: miguu minne ya bomba nene iliyofungamanishwa kwa vyuma vya mshazari na kushikiliwa na nguzo zilizopigiliwa ndani ya udongo wa bahari. Vipande vya alumini vimechomelewa kwenye miguu hiyo chini ya maji ili maji ya chumvi yavile vyenyewe yakiache chuma. Kati ya miguu yanapita mabomba ya visima tisa. Sita vinatoa mafuta, viwili vinapokea maji ya kusukumia, kimoja kimefungwa kinasubiri mtambo wa kuchimba.

Hakuna kinachochakatwa hapa. Mafuta, maji na gesi vinatoka ardhini vimechanganyika, vinapunguzwa presha, vinaunganishwa kwenye bomba moja na kuondoka. Hakuna kitanda wala jiko. Kuna kibanda cha kujihifadhi bahari ikichafuka, na choo cha kubebeka ambacho sitakielezea. Nchini Norwe wamekwenda mbali zaidi: jukwaa la Oseberg H, lililoanza kuzalisha Oktoba 2018, halina hata choo wala uwanja wa helikopta, na lilijengwa litembelewe mara moja au mbili tu kwa mwaka kwa matengenezo. Nilipomwambia Mzee, alitikisa kichwa. "Hiyo vali itakayonisubiri mwaka mzima nionyesheni."

Nikaenda moja kwa moja kwenye kisima cha 4. Kila kisima kinaishia juu kwa kile tunachokiita mti wa Krismasi, rundo la vali na geji lililosimama kimo cha mtu na zaidi. Ukianza chini kuna vali kuu ya mkono, ambayo haichezewi kwa sababu ndiyo akiba ya mwisho. Juu yake ni vali kuu ya pili, inayoendeshwa na haidroliki. Kisha njia panda: bawa la uzalishaji upande mmoja, na upande wa pili bawa la kuulia kisima, la kusukumia maji mazito siku mambo yakiharibika. Kileleni ni vali ya kupitishia zana za waya. Nje ya bawa la uzalishaji kuna choki, tundu la kubadilisha ukubwa ambalo ndilo linaloamua kisima kitoe kiasi gani.

Vali ninayoiheshimu kuliko zote haionekani. Imo ndani ya kisima, chini ya sakafu ya bahari, na inalishwa na kibomba chembamba kama penseli kinachoshuka kutoka kwenye paneli yangu. Mafuta ya haidroliki yakiwa na presha, vali inakaa wazi. Presha ikitoka, springi inaifunga. Meli ikija usiku ikaling'oa jukwaa zima, kibomba kitakatika na kisima kitajifunga huko chini bila mtu kugusa kitu. Vali za juu nazo ziko vivyo hivyo. Hata moto umeshafikiriwa: juu ya visima kumezungushwa kibomba cha hewa chenye vizibo vya madini laini, vikiyeyuka, hewa inatoka, paneli inafunga vyote. Ukikaa nalo muda mrefu unaelewa kwamba jukwaa hili muda wote linataka kufunga, na sisi kwa pampu zetu ndio tunaolishikilia wazi.

Nilikagua paneli kwa saa tatu. Pampu zinapokezana vizuri, mitungi ya akiba imejaa, hakuna tone kwenye kiungo hata kimoja. Sikuona kosa. Mzee akasoma orodha ya kengele: kila mara kilichoanza ni swichi ya presha ndogo, ile iliyo kati ya bawa na choki. Kawaida pale pana bari 34, bari ikiwa ni kipimo chetu cha presha. Ikishuka chini ya 20, swichi inafunga kisima.

"Si haidroliki yako," akasema.

"Labda swichi yenyewe imechoka."

Nikaibadilisha. Nilikuwa nimebeba mpya, na kusema kweli sikutaka kurudi boti mikono mitupu. Kisima kikafunguliwa, mshale ukapanda hadi 34 ukatulia. Saa kumi na moja jioni tukaondoka.

Siku ya pili

Kisima kilijifunga saa nane na dakika kumi usiku.

Asubuhi Mzee alinikuta kwenye foleni ya maboya. "Leo unabadilisha nini, mwanangu?"

Safari hii sikubadilisha kitu. Nilichukua pampu ya mkono na geji ya vipimo, nikaitenga swichi mpya, nikapandisha presha hadi 40 na kuishusha polepole. Ikaruka kwenye 20. Nikarudia mara tano: 20, 20, 20.2, 20, 20. Swichi ilikuwa inasema kweli. Presha kwenye kile kipande cha bomba ilikuwa inashuka kweli usiku, na asubuhi sisi tukija tunakuta mambo shwari.

Ndipo mhandisi kijana akatoa wazo ambalo nadhani kila mmoja wetu amewahi kulitoa akiwa na umri wake. "Kwa nini tusishushe kipimo hadi 14? Kisima kitaacha kusumbua."

Mzee hakumkaripia. Alimshika bega akampeleka kwenye manifoldi, lile bomba nene ambapo visima vyote sita vinakutana, akamwonyesha geji. Bari 16.

"Hii ndiyo presha ya bomba la pamoja. Swichi yako iko hapa kwa ajili ya siku bomba litakapopasuka. Litapasuka, presha itashuka, kisima kitafunga kabla ya kuulisha moto. Ukiiweka 14, pasuko dogo litavuja na swichi itaona kila kitu ni salama. Utakuwa umemwambia mlinzi asiamke mpaka mlango uvunjwe kabisa."

Kijana akauliza kwa nini basi kisiongezewe ile gesi tunayoishusha kisimani kuinua mafuta, kiwe na nguvu. Mzee akamtazama kidogo, akasema hilo ni swali zuri, tutalirudia. Hatukulirudia siku hiyo kwa sababu upepo ulianza kuvuma na nahodha akatuita saa nane mchana. Wakati wa kuruka, boti ilikuwa inapanda na kushuka kama mita mbili. Sikumbuki nilivyovuka.

Siku ya tatu

Hakuna kuvuka. Bahari imechafuka, mipaka ya kamba imepitwa, na kila mwenye kazi Kusini anazurura jukwaa kuu kama mgeni asiye na mwenyeji.

Nikaenda kontroo, chumba cha kuongozea mitambo yote. Ni mara yangu ya kwanza kukaa pale zaidi ya nusu saa, na nilijuta kwa nini sikufanya hivyo tangu mwanzo. Kutoka Kusini unaona visima tisa na bomba moja linalozama baharini. Hujui linakokwenda zaidi ya kuambiwa. Kwenye skrini za kontroo unaona mwili mzima. Mabomba matatu yanaingia kutoka majukwaa matatu ya visima. Yanamwaga kwenye matangi makubwa ya kutenganishia: maji yanatua chini, mafuta yanaelea katikati, gesi inakusanyika juu. Mafuta yanasukumwa pwani. Maji yanasafishwa. Gesi inaingia kwenye kompresa, mashine ya kuipandisha presha, na sehemu kubwa yake inarudishwa kwa mabomba mengine hadi kwenye majukwaa yale yale ilikotoka, ikashushwe visimani kuinua mafuta mengine. Maji ya bahari nayo yanachujwa, yanaondolewa oksijeni isije ikala mabomba, kisha yanapelekwa kwenye visima vya kusukumia ili mwamba usipoteze presha kadiri mafuta yanavyotolewa. Kinachotoka kwetu kinarudi kwetu kwa umbo jingine.

Opereta wa kontroo, dada mmoja mtulivu anayezungumza na redio mbili kwa wakati mmoja, aliniuliza kama nimewahi kufikiria kwa nini bomba letu la kuondokea lina vali ya dharura kubwa kuliko zote jukwaani. Nikasema kwa sababu ndilo bomba kubwa.

"Kwa sababu ya Piper Alpha," akasema.

Nilikuwa nimeisikia kwenye mafunzo, lakini kwa namna ya kupitiwa juu juu. Tarehe 6 Julai 1988, Bahari ya Kaskazini, upande wa Uingereza, karibu saa nne usiku, gesi iliyoyeyuka ilivuja kutoka kwenye pampu ambayo vali yake ya usalama ilikuwa imeondolewa kwa matengenezo, na waliokuwa zamu hawakujua. Mlipuko ule wa kwanza haukuwa ndio wote. Piper Alpha iliunganishwa kwa mabomba na majirani zake, Claymore na Tartan, na majirani hao waliendelea kusukuma kwa muda huku moto ukionekana. Baadaye mabomba ya gesi yenyewe yalipasuka chini ya jukwaa. Walikufa watu 167. Ripoti ya Lord Cullen ya 1990 ilikuwa na mapendekezo 106, na mengi ya yale tunayoyalalamikia kila asubuhi, vibali vya kazi vinavyosomwa mstari kwa mstari na vali za dharura zinazopimwa kama hirizi, yana mizizi pale.

Nikakaa kimya kidogo. Nilikuwa nimezoea kuiona vali ile kama mzigo wa kupaka grisi.

Kisha nikamwomba anionyeshe kisima cha 4 usiku wa jana. Akanipa grafu, mstari karibu ulionyooka, halafu unaporomoka saa nane.

"Hiyo ni ya nini?"

"Wastani wa kila saa. Ndiyo inayokwenda kwenye ripoti."

"Unayo ya kila dakika?"

Alikuwa nayo. Tulipoifungua, ule mstari ulionyooka ukageuka meno ya msumeno. Presha ilikuwa inapanda na kushuka kila baada ya dakika ishirini hivi, mwanzo kidogo tu, 35 na 33, kisha 38 na 29, kisha 43 na 24, hadi jino moja likashuka chini ya 20 na swichi ikafanya kazi yake. Usiku uliotangulia, msumeno ule ule. Na uliotangulia huo. Mara zote meno yanaanza alasiri inapoelekea jioni.

Nikamwuliza ni nini kingine kinachobadilika jioni. Akaweka juu yake presha ya gesi ya kuinulia, ile inayogawiwa majukwaa yote. Mchana bari 96. Kuanzia saa kumi alasiri inashuka, inafika 84, inakaa huko usiku kucha.

"Ah," akasema yule dada, "hao ni Mashariki. Wana timu ya waya, wanaoshusha zana visimani. Mchana wanafunga visima viwili wafanye kazi yao, jioni wakiondoka wanaviamsha kwa gesi hiyo hiyo."

Siku ya nne

Bahari imetulia. Tumevuka mapema, na leo Mzee amekuja na mpango wake: kupima kisima cha 4 kuanzia asubuhi, na boti ibaki hadi nuru ya mwisho.

Kupima kisima ni kazi ninayoipenda japo si yangu. Visima sita vikishakutana kwenye manifoldi hakuna ajuaye nani katoa nini. Kwa hiyo kila kimoja kwa zamu yake kinageuzwa njia, kinapelekwa peke yake kwenye separata ndogo ya vipimo, yaani tangi la kutenganishia, na kwa saa kadhaa kinapimwa mafuta, maji na gesi kila kimoja mbali. Hesabu za eneo zima zinategemea vipimo hivi. Mzee aligeuza vali mbili za manifoldi, akafungua ya vipimo kwanza kabla ya kufunga ya pamoja, akihesabu mizunguko ya gurudumu kwa sauti ya chini. Ishirini na tatu na nusu. Anasema vali ikikataa nusu ya mwisho ujue ina mchanga.

Akachukua sampuli kwenye chupa. Kilichotoka kilikuwa rangi ya kahawia nzito kama matope, mafuta na maji yamekamatana. Akaidondoshea dawa tone moja, akaitikisa, akaiweka kwenye kivuli. Baada ya muda maji yalianza kujitenga chini, kwanza uzi, kisha vidole vitatu, kisha zaidi ya nusu ya chupa. Asilimia 71 maji. Vipimo vikaonyesha mapipa 1,900 ya kimiminika kwa siku, kwa hiyo mafuta ni mapipa kama 550, na pipa moja ni lita 159. Kisima kimetulia tuli. Mtu akisoma fomu ya leo ataandika "kizima".

Hapo ndipo Mzee alipomwita kijana akamjibu lile swali la juzi. Nami nikasogea.

Kisima hiki kina kina cha mita 2,000. Kila mita kumi za maji ni karibu bari moja, kwa hiyo nguzo iliyojaa maji kutoka chini hadi juu ingekuwa na uzito wa bari 200 hivi. Mwamba una bari 175. Wakati kisima kikiwa kipya kilitoa mafuta matupu, mepesi, kikapanda chenyewe. Kadiri maji yalivyoongezeka nguzo ikawa nzito, mwamba ukashindwa kuinyanyua. Ndiyo maana tunashusha gesi kwenye uwazi kati ya bomba la uzalishaji na bomba linaloizunguka, uwazi tunaouita anulasi. Huko chini gesi inaingia kupitia kivali kidogo, inachanganyika na kimiminika, nguzo inakuwa nyepesi kama povu, inapanda.

"Sasa gesi ikipungua," Mzee akasema, "anulasi haina presha ya kutosha kusukuma mfululizo. Inakaa, inajikusanya. Ikishajikusanya inaingia yote kwa mkupuo, kisima kinatapika. Kikitapika, anulasi imekwisha, gesi hakuna, nguzo inakuwa nzito, kisima kinanyamaza. Halafu inajikusanya tena. Cha 4 kina maji mengi na kivali chake kiko chini kuliko vya wenzake, kwa hiyo gesi ikishuka ndicho cha kwanza kuumwa."

Na sisi vipimo vyetu tumekuwa tukivifanya mchana, Mashariki wakiwa wamefunga, gesi imejaa. Miezi yote daktari anakuja mgonjwa akiwa mzima.

Saa kumi alasiri tukasimama mbele ya geji. Hakuna aliyesema kitu. Mshale ulikuwa 34. Ulikaa hapo muda mrefu hadi nikaanza kujisikia mjinga. Kisha ukawa 33. Ukarudi 34, ukapita, 35 na nusu. Mzee akaweka kiganja chenye glavu kwenye bomba baada ya choki, akanionyesha niweke changu. Bomba lilikuwa na joto la kimiminika kutoka ardhini. Mshale ulipoanza kupanda, joto lile likafifia chini ya kiganja, bomba likapoa: gesi inapita. Kisha likarudi, na pamoja nalo mtetemo mdogo, kama mtu anayekohoa kwenye chumba cha mbali. Mafuta na maji yanapita. Dakika kumi na nane baadaye likapoa tena.

Nina miaka tisa kazini na nilikuwa sijawahi kuweka mkono pale.

Mzee akaibana choki kutoka 48 hadi 40, namba ambazo ni sehemu za 64 za inchi. Ukibana choki kisima kinatoa kidogo zaidi, lakini kinaacha kuyumba, kwa sababu hakiwezi tena kutapika kwa ghafla. Meno yalipungua mbele ya macho yetu: 37 na 34, 36 na 35. Tukaondoka jua likizama.

Siku ya tano

Hakikujifunga! Kimepita usiku kwa bari 36 hadi 38. Kwa nusu siku nilikuwa shujaa wa heshima isiyo yangu.

Mkutano wa asubuhi ulikuwa mfupi. Kubana choki ni plasta. Tunapoteza mapipa kadhaa kila siku. Dawa yenyewe ni ratiba: Mashariki waamshe kisima kimoja kwa wakati, na mgao wa gesi uandikwe. Opereta wa Mashariki alikuwa kwenye redio. Alisema kuamsha kisima kimoja kimoja kutamchelewesha saa mbili kila jioni, na kwamba Kusini siku zote tuna kisingizio. Hakubishana zaidi ya hapo.

Saa tano asubuhi, tukiwa Kusini nikipaka grisi ile vali kubwa ya bomba la kuondokea, taa ya njano ya kengele ikaanza kuzunguka. Kwenye redio sauti ya yule dada wa kontroo, bila haraka: kompresa imezima, separata ya kwanza imejaa, mlango wa mabomba kutoka nje umefungwa.

Tulikuwa kilomita saba kutoka kwenye tatizo, na tuliliona likija. Bomba la kuondokea halina pa kumwaga, visima vinaendelea kusukuma, geji ya manifoldi ikaanza kupanda: 16, 19, 24. Kwenye 30, swichi ya presha kubwa ikaruka. Nilisikia mafuta yangu ya haidroliki yakirudi kwenye tangi, fyuuu ndefu, kisha vishindo vya springi, tap, tap, tap, mti mmoja baada ya mwingine. Sekunde chache. Kisha ile vali kubwa, polepole zaidi, kwa mlio wa chuma kinachokaa mahali pake.

Na kimya. Sikuwa nimejua jukwaa lina sauti mpaka ilipokatika. Mawimbi tu kwenye miguu, na ndege mmoja juu ya kreni.

"Haya," Mzee akasema, "hiyo ndiyo haidroliki yako. Haina ugonjwa."

Kompresa ilirudi baada ya saa tatu. Kufungua ni kazi ya polepole kuliko kufunga: kusawazisha presha pande mbili za kila vali, kuipandishia presha vali ya ndani ya kisima, kisha kuu, kisha bawa, mwisho choki, kwa mkono kidogo kidogo, ukisikiliza mchanga. Visima vitano viliinuka vyenyewe kwa gesi ya kawaida. Cha 4 kilikataa. Kilikuwa kimetulia kwa saa kadhaa, maji yote yametua chini, nguzo nzito. Ilibidi kukiamsha: kukipa gesi mara mbili ya kawaida hadi kiteme ule uzito.

Tulikuwa dakika arobaini tukifanya hivyo redio ilipolia. Mashariki.

"Nyie Kusini mnakunywa gesi ya nani? Kisima changu cha 7 kinayumba hapa, ishirini na mbili, thelathini na tano, ishirini na mbili."

Mzee alinipa redio. "Mweleze wewe, fundi. Wewe ndiye uliyeigundua."

Siku ya sita

Helikopta ni saa tano, kwa hiyo sikuvuka Kusini. Mgao wa gesi umeandikwa, umebandikwa kontroo kwa mkono, na nimeambiwa Mashariki wamebandika nakala yao wakaongeza mstari mmoja wenye neno "Kusini" lililopigiwa mstari mara mbili. Choki ya kisima cha 4 imerudishwa hadi 44. Leo usiku ndio tutajua. Mimi nitakuwa nchi kavu.

Kwenye karakana nilipima ile swichi ya zamani niliyoing'oa siku ya kwanza. Ikaruka kwenye 20, mara tano mfululizo. Nikaifunga kwenye mfuko, nikaandika lebo: nzima, irudishwe stoo.